Shuti kali haliko mkononi peke yake

Jamani mimi miaka yote niliamini shuti kali kwenye handiboli ni mkono tu, nikawa napiga pushapu mpaka mabega yanawaka moto na mpira unaenda vilevile. Kumbe nguvu inaanzia chini, mguu wa mbele unakita sakafuni, kiuno kinazunguka, kifua kinafuata, bega, kiwiko, kiganja mwisho kabisa, yaani kama mjeledi vile.

Sasa hivi mara mbili kwa wiki nachuchumaa na chuma begani, seti 4 za mara 5, halafu mimi na mwenzangu tunarushiana mpira mzito wa kilo 2 kutokea juu ya kichwa, mara 6 tu kwa kasi yote tunapumzika, maana ukirusha umechoka unauzoesha mwili kurusha polepole. Mpira wa wanaume wenyewe ni gramu 425 hadi 475, kwahiyo ukibeba mzito kupita kiasi mwendo wa mkono unaharibika.

Na nawaomba sana msisahau misuli ya nyuma ya bega, vuteni zile kamba za mazoezi zinazonyumbuka, hiyo ndo breki ya mkono ukishaachia mpira. Juzi nimeruka pale mita 9 kutoka golini nikaachia shuti, kipa kasikia wavu unalia ndo anageuka.