Tumbo la Popi

Shangazi humeza kidonge chake cha tezi ya shingoni (thairoidi) alfajiri, kabla ya chai. Juzi mwanangu akamwuliza, "Bibi, hiyo si ile dawa ya Popi?" Shangazi hakufurahi. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza.

Popi ni mbwa wetu, yule aliyenenepa bila kula cha maana, manyoya ya mkia yakampukutika, akawa anaota jua la Dodoma saa saba mchana wakati mbwa wenzake wamejibanza uvunguni mwa mkokoteni. Tulisema uzee.

Jumapili moja, baada ya kupewa mifupa ya mbuzi tuliyotoka nayo mnadani Msalato, akaanza kutapika. Choo hapati. Tumbo likawamba kama ngoma. Mzee jirani akaleta mafuta ya nyonyo. Daktari wa mifugo akayakataa: "Mzee wangu, kama kuna kitu kimekwama, ukimharisha utampasua utumbo."

Akamlaza mezani, ile meza yetu ya kulia (nimeshaiuza, msiogope). Akanivalisha kifaa chake cha kusikilizia moyo. Nikausikia moyo wa Popi ukipiga, ukingoja, ukipiga, polepole hadi nikawa namhesabia nikiwa nimebana pumzi. Daktari akateremsha kile kisahani hadi tumboni. "Unasikia nini, dada?" Kimya. Nikadhani nimekivaa vibaya. Nikakivua, nikakifuta kwa kanga, nikakivaa tena. Pumzi zangu nazisikia, damu ikivuma masikioni naisikia, ila tumboni hata mgurumo mmoja hakuna. Daktari akasema utumbo ulioziba hupiga kelele mwanzoni, ukihangaika kusukuma. Huu haukuhangaika.

Hata hivyo alimpasua jioni ileile, maana utumbo uliokwisha kuchoka nao hunyamaza, na kungoja kungeweza kumuua. Mfupa hakuukuta. Alikuta gesi na utumbo uliolegea, basi. Akamshona, akamtundikia dripu, akatoa damu ya kupeleka maabara. Majibu: homoni ya tezi, T4, iko chini, TSH, ile inayoiamrisha tezi ifanye kazi, iko juu. Akaandikiwa levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni hiyo, kila baada ya saa 12, maisha yake yote. Taratibu manyoya yakaota, na Popi akarudia kufukuza mbuzi wa watu.

Ila daktari mwenyewe aliniambia kwamba ugonjwa wowote mkali unaweza kuishusha T4 hata kama tezi ni nzima; ile TSH ndiyo iliyomshawishi. Na tumbo lilianza kunguruma akiwa bado kwenye dripu, vidonge hata havijanunuliwa. Sasa ni tezi iliyoulaza utumbo, au ni mifupa iliyouchokoza ikapita zake, na tezi tukaikuta njiani? Shangazi anasema mifupa. Mzee jirani hadi leo anasema tungempa nyonyo.