Wamelala kwa Huzuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 22:39–46.

Mathayo na Marko wanasema kule Gethsemane macho ya wanafunzi yalikuwa mazito. Luka anakwenda ndani zaidi: Yesu aliwakuta "wamelala usingizi kwa huzuni." Paulo anamwita Luka tabibu mpendwa, na mimi niliyefundisha wauguzi miaka mingi naamini hapo ni tabibu anayesema. Alijua huzuni inavyoulegeza mwili.

Mtu wa kwanza kufa mikononi mwangu alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani. Nilikuwa mwaka wa kwanza, zamu ya usiku. Sista alinielekeza: fumba macho, nyoosha viungo, funga taya kwa bandeji kabla mwili haujakakamaa. Mwili ulikuwa bado na joto. Nilifanya yote bila kukosea. Saa kumi na mbili asubuhi binti yake akaingia na chupa ya uji, na kandambili za mzee bado ziko chini ya kitanda. Nikakimbilia stoo ya mashuka, nikalia. Aliyenikuta huko akasema, "Muuguzi halii." Nilimwamini. Kwa miaka kadhaa nikawa mtu wa kuvipita haraka vitanda vya wanaokaribia kufa, na nikadhani huo ndio ukomavu.

Kumbe nilikuwa nimelala kwa huzuni. (Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi," nilikuwa naijua kwa moyo tangu Shule ya Jumapili. Sikuwahi kuipeleka wodini.)

Tazameni Yesu aliomba nini kwa wanafunzi wake. Kikombe cha mateso alimwachia Baba. Wao aliwaambia tu, "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami" (Mathayo 26:38). Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari, aliyashika maneno hayo alipojenga nyumba ya kuwatunza wanaokufa, iliyofunguliwa London mwaka 1967. Na kukesha huko kuna kazi yake: kumgeuza mgonjwa, kulowesha midomo iliyokauka, kutuliza maumivu. Jirani zetu Uganda, tangu 2004, muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani kumtuliza mwenye ugonjwa mzito, anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini, dawa kali ya maumivu. Mwanafunzi akijua kwamba bado yapo ya kufanya pale uponyaji unapokwisha, miguu yake haikimbii.

Lakini naye anahitaji wa kukesha naye. Siku hizi mwanafunzi wangu simpeleki peke yake nyuma ya pazia mara ya kwanza. Tunaingia wawili. Tukimaliza tunakaa na chai, analitaja jina la marehemu, anasema alichokiona. Wengine hulia. Mmoja alicheka bila kujizuia, akaona aibu sana; nilimsomea Luka.

Jumatatu darasa jipya linaingia wodini, na baadhi yao tunasali nao. Ukimwona binti wa chuo amesinzia benchi la nyuma, sare yake imekunjwa kwenye mfuko, pengine ametoka zamu ya usiku moja kwa moja. Mwache asinzie. Ibada ikiisha mkaribie, umuulize, "Mwanangu, usiku ulikuwaje?" Kisha ukae.