Nilipoandika wasifu wa babu

"Wewe ndiye mwalimu," baba mkubwa aliniambia, akanikabidhi daftari na kalamu ya bluu. "Wasifu wa mzee utauandika wewe. Tunazika kesho saa nane."

Ilikuwa Agosti 2008, nyumbani kwetu ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Bunazi. Nilikuwa nimefika asubuhi ile kutoka Mwanza kwa meli ya usiku, kisha gari dogo kutoka Bukoba hadi Kyaka, darajani, nyumbani. Babu alikuwa na miaka 83. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mlokole wa siku nyingi, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri na kusoma sura nzima kwa sauti, nani amelala nani yuko macho halikuwa neno kwake. Biblia yake, ile ya Union Version ya mwaka 1952, ilikuwa imeachana na jalada, akaishona upya kwa uzi wa gunia. Siku ile ilikuwa juu ya meza ndogo pembeni ya jeneza.

Sikuigusa. Nilikuwa na siri ambayo nyumbani hawakuijua: kwa miaka mitatu sikuwa nimeiamini.

Mambo yalianzia chuoni. Mwenzangu wa chumba, kijana mpole aliyesomea historia, jioni moja alinifungulia Injili zote nne mahali pamoja, asubuhi ya ufufuo. Mathayo anataja wanawake wawili na malaika mmoja. Marko anataja wanawake watatu na kijana mwenye vazi jeupe. Kwa Luka wanawake ni wengi zaidi, na waliowatokea ni watu wawili. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake, kisha malaika wawili. "Hawa wangeletwa mahakamani," akaniuliza, "hakimu amwamini yupi?" Hakuwa akinidhihaki, na ndiyo maana swali lilinikaa. Nililipeleka kwa mwinjilisti mmoja niliyemheshimu, akaniambia kuuliza namna hiyo ni kumfungulia shetani mlango, nifunge na kuomba. Nilifunga siku tatu. Nilipokula, swali lilikuwa bado lipo. Tangu hapo nikawa naenda ibadani kwa heshima ya wazazi, nikiimba maneno ambayo moyoni nilikuwa nimeyaweka kando.

Basi nikakaa na daftari langu kwenye majani yaliyotandazwa sebuleni, nikaanza kukusanya habari. Kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, watoto, kahawa, uzee wa kanisa. Hayo yaliandikika upesi. Kazi ilianza tulipofika mwaka 1978.

Wasomaji wa umri wangu waliokulia mbali na Kagera huenda wanaijua vita ile kwa nyimbo tu. Kwetu vita ni hesabu ya miaka: fulani alizaliwa kabla ya Idi Amin wa Uganda kuingia, fulani baada. Majeshi yake yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika ardhi yote iliyo kati ya mpaka na mto. Novemba 3 wakalilipua daraja la Kyaka. Aliyekuwa amevuka alikuwa amevuka.

Baba mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 15, aliniambia waliondoka usiku, kwa lori la mtu aliyekuwa akisomba kahawa. Nikaandika. Shangazi, aliyekuwa na miaka 10, akasema hapana, waliondoka alfajiri, kwa miguu, yeye akivuta mbuzi. Baba mkubwa hakukumbuka mbuzi yeyote. Jirani yetu, mzee aliyekimbia nao, akasema malori yalikuwa mawili. Nikafuta, nikaandika, nikafuta tena, hadi karatasi ikatoboka.

Kisha nikaacha kufuta, nikawauliza mmoja mmoja, polepole, kama ninavyowauliza wanafunzi waliogombana. Ikaonekana kwamba waliamshwa usiku, wakatembea kwa miguu hadi barabarani, na kulipokuwa kunapambazuka ndipo wakapata lori. Lori la pili lilikuja nyuma, likambeba jirani. Baba mkubwa alilala ndani ya lori, na lori ndilo lililobaki kichwani mwake. Shangazi alikuwa na mbuzi wake, na mtoto mwenye mbuzi haoni kingine. Hata namna alivyosema ilinigusa. Alianza, "Mimi niliondoka na mbuzi wangu," halafu sentensi iliyofuata ikawa, "tulipofika darajani." Hakusema tena aliokuwa nao ni nani. Hakuona haja. Kila mtu pale alijua kwamba hakukimbia peke yake.

Hata hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwanzoni mwa Novemba, waliyoisikia redioni wakiwa wamehifadhiwa na ndugu huko Bukoba, iliwagawa. Mmoja alisema Mwalimu alianza na uwezo wa kumpiga Amin, ikafuata sababu, mwisho nia. Mwingine akaapa kwamba sababu ilitangulia. Walibishana kweli, watu wazima, jeneza likiwa chumba cha pili. Lakini hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba kwa kuwa hawakubaliani juu ya mpangilio, basi Mwalimu hakuhutubia, au hakusema atampiga Amin. Wangemshangaa mtu wa kuwaza hivyo. Walikuwapo. Maisha yao yaligeuka siku hizo.

Niliinua macho nikaitazama ile Biblia iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Sikusema neno. Lakini nilikuwa nimeanza kusikia.

Kulikuwa na mahali ambapo wote watatu walipapita haraka. Kila aliyesimulia alitoka mlangoni mwa nyumba na ghafla akawa barabarani. Nikauliza, "Na mama yake babu alisafiri na nani?" Nilijua tu kwamba alifariki wakati wa vita.

Shangazi akajifunika khanga usoni. Baba mkubwa akasema, "Andika alifariki wakati wa vita."

Ni jirani aliyenifuata nje, chini ya migomba, jioni. Alinieleza taratibu. Bibi yule alikuwa hawezi tena kutembea. Walimwacha ameketi mlangoni, babu akimwambia atawavusha watoto kisha arudi kumbeba. Akawavusha. Akasimama upande wa pili wa daraja, watu wanamiminika, milio ya mizinga inasikika, na hakurudi. Siku zilizofuata daraja likalipuliwa. Waliporudi mwaka 1979 walikuta nyumba haina paa na mlangoni hapana mtu. Kaburi lake hatuna hadi leo.

"Alikuwa na muda," jirani akasema. "Hayo si maneno yangu, ni yake. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Novemba, alisimama kwenye ushirika wetu wa waliookoka akasema, 'Ndugu, nilikuwa na muda. Niliogopa.' Wewe hukuwahi kuyasikia kwa sababu ushirika ule haukuwa wa watoto."

Nilimwuliza kwa nini mtu ajiaibishe namna hiyo kila mwaka, jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mzee hakunijibu moja kwa moja. Alisema babu alipenda kuwauliza: habari za Petro na jogoo, nani alizisimulia? Wengine wote walikuwa wamekimbia. Na hata kama mwenzake mmoja alikuwamo uani, Petro alitoka nje, akalia. Nani aliyaona machozi yale akaja kuyasimulia, kama si mwenye machozi? Wazee wa kanisa la kwanza walishuhudia kwamba Marko aliandika aliyoyasikia kwa Petro. "Babu yako alisema, kama Petro angekuwa mtu wa kutunga, hilo ndilo angelifuta kwanza."

Usiku wa mkesha, waombolezaji wakiimba nje karibu na moto, niliichukua Biblia ya babu nikaenda nayo jikoni, nikasoma kwa taa ya chemli. Nilisoma Marko kuanzia mateso hadi mwisho, kisha Luka, kisha Yohana. Nilisoma na masikio ya jioni ile.

Mwenye kusoma wasifu msibani anajua jinsi tunavyowapamba marehemu. Nilikuwa nimekaa na wasifu mmoja siku nzima na nilikuwa nimeombwa kuupamba. Nilijua sasa mkono unaopamba unavyofanya kazi: unaruka mlango, unatokea barabarani. Na hapa mbele yangu palikuwa na watu wanaomwandika kiongozi wao mkuu akiapa hamjui Bwana wake mbele ya kijakazi. Wanaandika kwamba walilala alipowaomba wakeshe. Wanaandika kwamba wanawake ndio walioshuhudia kwanza, na kwamba mitume wenyewe waliona habari hiyo ni upuuzi, hawakuisadiki. Hakuna aliyeruka mlango. Kisha nikafika kwa Mariamu wa Yohana, yule aliyetajwa peke yake, nikaona anachomwambia Petro: *hatujui* walikomweka. Hatujui, si sijui. Nilikuwa nimesoma mstari ule mara ngapi? Nilimsikia shangazi na mbuzi wake.

Nikarudi mwanzo wa Luka, mistari minne ambayo wengi tunairuka kwa haraka ya kufika kwa Zakaria na Elisabeti. Anasema wengi wametangulia kuandika, kama walivyohadithiwa na mashahidi wenye kuyaona, na yeye naye, "kwa kuwa nimejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo," ameona vema kuandika kwa taratibu, ili Theofilo "upate kujua hakika." Nilikuwa na wino wa bluu vidoleni. Nilimwelewa Luka kama mtu anavyomwelewa mwenzake wa kazi moja. Naye alikaa na wazee. Naye aliuliza mmoja mmoja.

Sitaki kudanganya kwamba maswali yangu yote yalijibiwa jikoni usiku ule. Yapo niliyoyajibu miaka baadaye, na yapo ninayotembea nayo. Lakini kitu kikubwa zaidi ya maswali kilinijia nilipofika mwisho wa Yohana. Petro alimkana Yesu akiwa kwenye moto wa makaa. Sura chache mbele, Yesu aliyefufuka yuko ufuoni, amewasha moto wa makaa, anapika samaki, na hapo hapo anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nikaelewa kwa nini babu aliweza kusimama kila Novemba. Mtu hasimulii aibu ya namna ile kwa sababu ana ujasiri. Anaisimulia kwa sababu yuko aliyekwisha kumkuta nayo akamlisha. Kama Yesu amelala kaburini, basi babu alikuwa akizungumza na hewa kwa miaka 29, na Petro vilevile. Mimi niliyekuwa nimemwona babu, nilivyomjua, sikuweza kuliamini hilo. Niliweza kuliamini lile lingine. Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu, nikasema, "Bwana, ninaamini waliyoyasema juu yako." Sikuwa na maneno mengine.

Kisha nikaandika. *Oktoba 1978 aliwavusha watoto wake Mto Kagera, akamwacha mama yake nyumbani kwa nia ya kurudi. Aliogopa, hakurudi. Jambo hili alilikiri mwenyewe mbele ya ndugu katika Kristo, na aliamini kwamba amesamehewa.*

Asubuhi mmoja wa wanakamati alilisoma akalikata kwa mstari. Akasema watu watatucheka, wageni wametoka mbali. Baba mkubwa alichukua daftari, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alinipa bila kuniangalia. "Soma kama alivyosema mzee," akasema.

Nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi ile kibanja kizima kilinyamaza, hata watoto. Kutoka upande wa migomba sauti moja ya kike ilianzisha wimbo wa walokole, ule wa Kiganda wanaouimba mtu akishuhudia, nao wazee waliobaki wa ushirika wakapokea, mmoja baada ya mwingine, baadhi wakiwa wameinua mikono. Nilisubiri wamalize ndipo nikaendelea na watoto, wajukuu, vitukuu.

Kaburini mchungaji alisoma, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo katika kila msiba tangu nikiwa mdogo. Siku ile niliyasikia kama neno alilolisema mtu fulani, mahali fulani, mbele ya dada aliyekuwa akimlilia kaka yake, na mtu aliyekuwapo akalitunza. Nikatupa udongo wangu.

Watu walipoanza kutawanyika shangazi alinijia, macho mekundu, akanishika mkono wenye daftari.

"Mwanangu, umesoma vizuri. Ila umeandika mbuzi alikuwa mweupe. Alikuwa mweusi, mguu mmoja tu ndio mweupe. Sahihisha."

Nikatoa kalamu, nikasahihisha.