Kumbukumbu ya mradi wangu: kukata lenzi za miwani kwa mkono

Juma la kwanza

Mimi ni fundi saa hapa Moshi, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiniletea, pamoja na saa zao, miwani iliyolegea skrubu, iliyokatika mkono au iliyopoteza vishikizo vya pua. Mwenye duka la miwani lililo jirani na kibanda changu, mama aliyesomea optometria, yaani upimaji wa macho, katika hospitali ya KCMC hapa Moshi, alinionyesha mashine ya kukatia lenzi kwa mkono iliyokuwa imekaa stoo bila kazi: mota moja, jiwe la almasi lenye mfereji wa umbo la V, chombo cha maji na sponji. Lenzi za wateja wake hupelekwa Arusha kukatwa na hurudi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo mtu anayetoka Rombo au Same hulipa nauli mara mbili kwa ajili ya miwani moja. Tulikubaliana kwamba yeye ataendelea kupima macho na kukagua kila jozi kabla haijamfikia mteja, nami nitajifunza kukata na kufunga lenzi zilizo rahisi, ili aliyepimwa asubuhi aondoke na miwani yake jioni.

Siku tatu za mwanzo zilikwisha kwenye mashine yenyewe. Beringi zilikuwa zimekauka na jiwe lilikuwa limeziba kwa unga wa plastiki wa miaka mingi. Nilibadilisha beringi, nikalisugua jiwe kwa kijiti cha kulisafishia mpaka likaanza tena kukwaruza kidole, kisha nikahakikisha kwamba sponji inalilowesha muda wote linapozunguka.

Lenzi za mazoezi nilipewa bure, nazo zilikuwa zile zilizokwaruzika au kuagizwa kwa makosa. Nyingi ni za plastiki iitwayo CR-39, ambayo ilibuniwa Marekani mwaka 1940 na ambayo namba yake inatokana na kuwa mchanganyiko wa 39 kati ya iliyojaribiwa. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa kioo, na kwa mtu anayejifunza ina sifa kubwa zaidi ya hiyo: inakatika polepole, haiyeyuki upesi, na inatoa sauti inayobadilika pale unapoikandamiza kupita kiasi. Niliharibu lenzi sita kabla ya kupata moja iliyoingia kwenye fremu bila kuacha mwanya. Niliipeleka dukani nikiwa na furaha kubwa.

Juma la pili

Mwalimu wangu, yaani yule mama mwenye duka, aliichukua lenzi ile, akaitazama ukingo, akanisifu kwa kazi ya mkono, kisha akaiweka kwenye lensomita, kifaa cha kupimia nguvu ya lenzi na kitovu chake. "Fundi," aliniambia, "imekaa vizuri kwenye fremu, lakini haijakaa mbele ya jicho la mtu yeyote." Tangu siku hiyo sikugusa jiwe kwa siku nne, kwa sababu alitaka kwanza nielewe lenzi inapaswa kukaa wapi, na sasa naona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii iko hapo, kabla mota haijawashwa.

Kila lenzi yenye nguvu ina kitovu chake, mahali ambapo mwanga unapita bila kupindishwa, na kitovu hicho kinatakiwa kuwa mbele ya mboni. Kwenye mkono wa fremu niliyokuwa nikifanyia mazoezi pameandikwa 50, 18 na 140, yaani upana wa tundu la lenzi ni milimita 50, daraja la puani ni milimita 18 na urefu wa mkono ni milimita 140. Ukijumlisha 50 na 18 unapata 68, ambao ni umbali kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya tundu la pili. Mtu mzima ambaye mboni zake zimeachana kwa milimita 62 anazidiwa na fremu hiyo kwa milimita 6, kwa hiyo kila lenzi lazima isogezwe milimita 3 kuelekea puani kabla ya kuchorwa. Lenzi yangu ya kwanza niliichora katikati ya tundu, kama mtu anayekata kioo cha dirisha.

Madhara yake yanahesabika kwa kanuni ya Prentice, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba nimeiandika ukutani: zidisha nguvu ya lenzi kwa umbali wa kosa uliopimwa kwa sentimita. Lenzi ya mainasi 4, yaani ya mtu asiyeona mbali, iliyokosewa kwa sentimita 0.3 inazaa prizimu, yaani mpindo wa mwanga, ya 1.2, na ikiwa zote mbili zimekosewa kwa kwenda nje, jumla inakuwa 2.4. Kosa la namna hiyo katika lenzi za mainasi linayalazimisha macho yatanuke kwenda nje ili picha mbili ziwe moja, na macho ya binadamu, ambayo kila siku huzoea kukutana ndani wakati wa kusoma, hayana nguvu nyingi za kutanuka. Mteja hatasema kwamba lenzi imekosewa. Atasema kichwa kinamuuma, ataambiwa aizoee miwani, naye ataiweka kabatini. Nafikiria ni watu wangapi wamekata tamaa na miwani kwa sababu ya milimita tatu, na jambo hilo linaniumiza.

Juma la tatu

Sasa nina utaratibu, nao naueleza kwa mafundi wenzangu wanaotaka kujaribu. Mteja huvaa fremu ile ile aliyoichagua, ikiwa imekwisha kurekebishwa masikioni na puani, na mwalimu humwekea nukta ya wino kwenye plastiki ya maonyesho iliyomo, mbele ya kila mboni. Plastiki hiyo haitupwi, kwa kuwa ndiyo kiolezo changu. Lenzi nzima, ambayo huja ikiwa duara la milimita 65 au 70, huwekwa kwenye lensomita ambayo huichapa nukta tatu kwa mstari: ile ya kati ni kitovu, na mstari wote ndio ulalo wa lenzi. Nalaza kiolezo juu yake, nukta ya mboni ikae juu ya nukta ya kati, nakagua kwamba ulalo wa fremu na ulalo wa lenzi vinakwenda sambamba, kisha nachora mzunguko kwa kalamu yenye ncha nyembamba.

Kukata kwenyewe ni kuzungusha lenzi kwa vidole vya mikono miwili, kwa mwendo mmoja usiokatika, nikiondoa kwanza sehemu iliyo nje ya mstari hadi ibaki kama milimita moja, na ndipo naiingiza kwenye mfereji wa V ili ipate ukingo utakaokaa ndani ya fremu. Ukisimama hata kidogo mahali pamoja, jiwe linachimba bapa, na bapa hilo litaonekana kama mwanya pale lenzi itakapofungwa. Kwa lenzi nene za mainasi nimejifunza kutouweka ukingo katikati ya unene. Katika ile ya mainasi 4 niliyoitaja, upande wa sikio unafikia kama milimita 5, hivyo naacha theluthi moja mbele ya ukingo na theluthi mbili nyuma, na unene mwingi unajificha nyuma ya fremu. Mwisho navunja makali ya pande zote mbili kwa kuyagusisha jiwe kwa wepesi, kwani lenzi yenye makali hubanduka vipande na inaweza kumkata mtu anayeifuta.

Fremu ya plastiki naipasha joto kwa hewa moto mpaka ilainike, kisha naisukuma lenzi kutoka mbele, nikianzia upande wa sikio. Ya chuma ina skrubu ya kufungia tundu, na hapo uzoefu wa saa umenisaidia sana, kwa maana mkono wangu unajua ni wakati gani skrubu inakataa kwa haki na ni wakati gani inalazimishwa.

Kabla juma halijaisha nilijaribu polikaboneti, ile plastiki ngumu kuvunjika inayofaa watoto na mafundi wa kuchomelea. Nilifanya kosa la kuikata kama CR-39, yaani kwa maji tangu mwanzo. Badala ya kutoka unga, zilitoka nyuzi laini zilizojisokota na kuganda kwenye jiwe. Hii inatakiwa kupunguzwa ikiwa kavu, maji yaje mwishoni wakati wa kusafisha ukingo, na jiwe langu si la aina inayoipenda. Polikaboneti itaendelea kwenda Arusha.

Juma la tano

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alirudi siku tisa baada ya kuchukua miwani yenye fremu ya duara kamili, akisema kwamba siku mbili za kwanza aliona vizuri na baadaye herufi zikaanza kuvuta kivuli. Lenzi zake zilikuwa na silinda ya mainasi 2, yaani nguvu ya kusahihisha jicho ambalo mkunjo wake haulingani pande zote, na silinda ina mwelekeo: lazima ikae kwenye mhimili ulioandikwa na mpimaji, wala si pembeni yake. Lensomita ilionyesha kwamba lenzi ya kulia imezunguka digrii 8. Katika fremu ya pembe nne lenzi haina pa kuzungukia, lakini tundu la duara haliizuii kwa chochote isipokuwa mbano wa ukingo, na mimi nilikuwa nimeikata ndogo kwa nywele moja.

Nilidhani digrii 8 ni kosa dogo, kwa kuwa kwenye saa ni chini ya dakika moja na nusu ya mshale. Hesabu ilinikosoa. Silinda inayokaa digrii 8 nje ya mhimili inaacha zaidi ya robo ya kasoro ya jicho bila kusahihishwa, ikifika digrii 30 ni sawa na kutovaa silinda kabisa, na kwa nguvu kama ya kijana huyu mwalimu wangu hapokei kosa linalozidi digrii 2.

Nilikata nyingine kwa gharama yangu, safari hii ikiwa imejaa zaidi. Hapo likaibuka tatizo la upande wa pili, kwamba lenzi iliyobanwa mno hujikunja, na mkunjo huo hauonekani kwa macho matupu. Madukani huwa na kifaa chenye karatasi mbili zinazochuja mwanga, na lenzi huwekwa katikati yake. Sisi hatunacho, lakini mimi nina sanduku la vikokotoo na saa za dijitali zilizokufa, na uso wa kila kimoja umefunikwa kwa karatasi ya aina hiyo hiyo. Nilibandua mbili kubwa kutoka kwenye vikokotoo, nikaziweka moja ikiwa imegeuzwa robo mzunguko juu ya nyingine hadi kukawa giza, nikapitisha miwani katikati yake mbele ya taa. Pale palipobanwa paliwaka mistari ya mwanga kwenye upande wa juu. Nililegeza skrubu robo mzunguko, nikapunguza ukingo mahali pale tu, mpaka mwanga ukabaki mwembamba na sawa pande zote. Lenzi haizunguki, wala haijikunji. Kifaa hicho sasa kiko mezani kila siku, na katika kila nilichotengeneza mwaka huu hakuna ninachokipenda zaidi.

Juma hili pia nilimkatalia binti mmoja fremu kubwa aliyoipenda. Ilikuwa ya 56 na 18, jumla 74, na mboni zake zimeachana kwa milimita 58, kwa hiyo kila lenzi ingesogea milimita 8. Tundu hilo kwa upana wake mkubwa zaidi ni milimita 60. Ongeza 8 mara mbili, na milimita 2 za usalama, unapata 78, na lenzi kubwa tuliyonayo ni ya 70. Alihuzunika, lakini nilimwonyesha hesabu kwa kulaza lenzi juu ya fremu, akaona mwenyewe upande wa sikio unavyobaki wazi.

Juma la saba

Lenzi ya kwanza yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, ilikuwa ya bibi mmoja mshonaji. Kidirisha cha kusomea kina upana wa milimita 28 na mstari wake wa juu unatakiwa kukaa usawa wa kope ya chini. Mwalimu alikuwa na wagonjwa, akaniruhusu niweke alama mwenyewe huku yeye akinitazama. Nilimwamkia bibi, nikamketisha kwenye kigoda, nikaweka alama nikiwa nimesimama. Miwani ilipokamilika, kusoma alisoma, hata sindano aliitunga mara moja. Alipofika mlangoni alishika ukuta. "Mwanangu," alisema, "ngazi inanijia."

Kosa lilikuwa langu lote. Kwa kuwa mimi nilisimama naye aliketi, nilimtazama kutoka juu, kwa hiyo kope ya chini ilionekana juu zaidi kwenye plastiki kuliko ilivyo ukimtazama kwa usawa wa macho yake. Mstari ulipanda milimita 3, na bibi alikuwa akitazama ngazi kupitia kidirisha cha kusomea. Hakuna fundi anayeweza kuushusha mstari ulio ndani ya lenzi iliyokwisha kukatwa.

Nimetengeneza stuli mbili za kimo kimoja, na tangu sasa mpimaji na mteja huketi macho kwa macho. Bibi alikuja tena juzi, nikaweka alama, nikamwomba asimame, atembee hadi dirishani na kurudi, nikazikagua tena kabla ya kuchora. Milimita moja tu ya tofauti kati ya kulia na kushoto ingemsumbua, kwa hiyo nilizipima lenzi zote mbili kwa kalipa yangu ya saa, kutoka chini ya tundu hadi kwenye mstari: 15 na 15.

Jana jioni alivaa, akashuka ngazi mbili za duka, akapanda, akashuka tena. Kisha akaniomba kamba ya kuning'iniza miwani shingoni, kwa kuwa ile ya zamani huwa inamdondokea anapoinamia cherehani.