Mtoto, faranga na dola: kufundisha thamani ya pesa Lubumbashi

Mtoto wa Lubumbashi, hapa Kongo, anakua kati ya pesa mbili. Kodi ya nyumba anaisikia kwa dola, na simu mpya pia. Mkate, taxi na makala (makaa ya kupikia) anaviona vikilipwa kwa faranga. Sarafu hazigusi kabisa, kwa maana pesa yetu yote ni noti, na noti zenyewe zinafika hadi faranga 20,000. Ndiyo maana mtoto mdogo hudhani faranga 5,000 ni mali nyingi na dola 5 ni kitu kidogo. Kabla ya kumwambia aweke akiba, aijue kwanza pesa iliyo mkononi mwake.

Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, panga mezani noti tano za 200 upande mmoja na noti moja ya 1,000 upande wa pili. Mwulize anataka zipi. Wengi watachukua zile tano, kwa sababu makaratasi ni mengi. Usimcheke wala usimsahihishe kwa maneno. Nenda naye kwenye kibanda cha jirani, anunue biskuti kwa noti ya 1,000, na siku nyingine anunue biskuti zilezile kwa noti tano za 200. Ataona mwenyewe kwamba anarudi nyumbani na kitu kilekile.

Kuanzia miaka saba, mtume dukani. Mpe pesa inayozidi bei, na kabla hajatoka mlangoni akutajie chenji atakayorudi nayo. Sukari ni 1,800, umempa 2,000: aseme 200. Mfundishe pia kwamba pipi si chenji. Muuzaji akikosa noti ndogo, mtoto aseme kwa adabu, "Mama, nitapitia baadaye", kisha arudi kweli kuichukua. Kosa la kawaida hapa linatoka kwetu wazazi. Leo tunamwambia abaki na chenji, kesho tunamgombeza kwa kubaki nayo. Chenji irudi mezani siku zote, na kama ni zawadi, aambiwe kabla ya kwenda.

Baada ya hapo ndipo apewe pesa yake ya wiki. Kiasi chake usikibuni. Kwa wiki mbili andika kila faranga inayomtoka mzazi kwa ajili ya vitu vidogo vya mtoto, kama biskuti, maji ya sukari na bik (kalamu), kisha chukua wastani wa wiki na uongeze kidogo ili apate cha kuweka. Tuseme imekuwa 3,000. Mpe Jumamosi, siku ileile kila wiki, kwa noti sita za 500. Noti moja kubwa haigawanyiki, na mtoto akishaivunja dukani, yote huyeyuka. Noti tatu ziingie kwenye chupa ya matumizi, mbili kwenye ya akiba, moja kwenye ya sadaka na kusaidia wengine. Chupa ziwe za plastiki inayoonyesha ndani, kwa sababu mtoto wa umri huu anaamini anachokiona. Kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafaa zaidi kwa mtu mzima.

Lengo la akiba liwe karibu. Mpira wa faranga 4,000 ni Jumamosi nne, na mtoto wa miaka minane anaweza kuzingoja. Baiskeli ni miezi mingi mno. Atachoka njiani na kuona akiba ni adhabu.

Mambo mawili yanaharibu kazi hii yote. La kwanza ni kumwongezea pesa Jumanne kwa sababu ameimaliza Jumapili. Ngoja hadi Jumamosi. Chakula nyumbani kipo, kilichokosekana ni biskuti tu, na siku hizo nne ndizo zinazomfundisha. La pili ni baya zaidi: mzazi kuchota kwenye chupa ya mtoto unga unapoisha. Shida zipo, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa na shida. Lakini mwombe kwanza, andika kwenye daftari kiasi na siku ya kurudisha, kisha rudisha siku hiyohiyo. Mtoto aliyechukuliwa pesa yake kimyakimya anajifunza kwamba pesa iliyowekwa ni pesa iliyopotea, na tangu hapo atakula kila anachopata siku hiyohiyo.

Kuosha vyombo na kufagia visilipwe, ni kazi za nyumba. Kinacholipwa ni kazi ambayo ungemwita mtu wa nje kuifanya.

Soko nalo ni darasa, hasa kwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Tuseme kifuko cha sukari cha gramu 100 ni faranga 500, na kilo nzima ni 4,000. Apige hesabu mwenyewe: vifuko kumi ni 5,000, kwa hiyo 1,000 imekwenda bure. Hapo mweleze kwa heshima kwamba anayenunua vifuko si mjinga. Siku hiyo hana 4,000 kwa pamoja. Akiba ndiyo inayomfikisha mtu kwenye bei ya kilo. Kisha aandike bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 kila mwisho wa mwezi, kwa mwaka mzima. Ataona inapanda kabla ya mavuno na kulegea mahindi mapya yanapoingia. Ataanza pia kuuliza kwa nini habari ya mpaka wa Kasumbalesa inagusa sahani yake ya bukari (ugali), maana mahindi na unga mwingi tunaokula unatoka Zambia.

Dola zingoje hadi miaka kumi na mbili hivi. Mpeleke kwa makambisti wawili, yaani wabadilishaji wa pesa, aulize kila mmoja bei ya kununua na bei ya kuuza. Tuseme wananunua dola kwa 2,400 na kuuza kwa 2,450. Dola 10 zitampa faranga 24,000, lakini kuzirudisha dola hizo kunataka 24,500. Ajue kwamba kubadilisha kwenda na kurudi kunakula pesa. Aikague noti ya dola kwenye mwanga: mchaniko mdogo ukingoni, doa au maandishi ya kalamu yanatosha noti ikataliwe sokoni. Aihifadhi ikiwa imenyooka ndani ya kitabu. Akiuliza kwa nini wakubwa wanaficha dola, amwulize bibi yake habari za zaire, pesa yetu ya zamani iliyopoteza thamani. Mwaka 1992 kulikuwa na noti ya zaire 5,000,000, na mwaka 1998 faranga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000, pesa iliyoifuata zaire ile.

Nyumba yenye watoto watatu inaweza kuanzisha likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, mzazi akiwa mtu wa nne. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa 1,000, na mmoja anapokea 4,000. Zamu ziandikwe ukutani. Mdogo apokee kwanza, kwa kuwa kungoja kunamwuma zaidi, lakini mchango wake wa wiki tatu zinazofuata utengwe mara tu pesa ya wiki inapotolewa, kabla hajaishika, maana aliyekwisha kupokea ndiye anayeshawishika kuacha kuchanga. Mzazi apokee wa mwisho, na asikose Jumamosi hata moja.