Usiku wa Jaws ya Tano

Banda la video la kule Sahare, Tanga, lilikuwa likifuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako baharini na taa zao, banda linabaki na watoto pamoja na sisi tusio na kazi. Mwezi ukipevuka dagaa hawaifuati taa, vyombo vinalala ufukweni, na vijana wanashinda na hela kidogo mfukoni bila pa kuzipeleka. Mwenye banda aliyajua hayo kuliko nahodha yeyote. Picha nzuri alikuwa akiiweka akiba mpaka mbalamwezi.

Mwaka 2010 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nikapewa kazi ya mlangoni: kupokea kiingilio na kuandika kibao kwa chaki. Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa limekwisha Julai 11, Hispania bingwa, na kwa mwezi mzima hatukuwa tumeonyesha picha hata moja, ni mpira tu. Kwa ajili ya mashindano hayo mwenye banda alinunua televisheni kubwa na sabufa kwa mkopo. Sasa mpira umekwisha, mkopo upo palepale, na Ramadhani inaingia Agosti, ambapo jioni tungefunga banda. Alichobakiwa nacho ni mbalamwezi ya mwisho wa Julai.

Akaja na diski moja yenye filamu nane. Zilikuwa zimejaa mjini wakati ule, jalada limebanwa picha mpaka pembeni: nyoka, mamba, papa, wote wamepanua midomo. Akamgusa papa mkubwa kuliko wenzake.

"Andika Jaws."

"Hii siyo Jaws, bosi. Imeandikwa Mega Shark vs Giant Octopus."

"Jaws ziko ngapi?"

Nikamwambia filamu za papa zenye jina hilo ziko nne. Ya kwanza ya mwaka 1975, ya mwisho ya 1987, na kwa maoni yangu kila iliyofuata ilikuwa mbovu kuliko iliyoitangulia.

"Basi andika Jaws ya tano."

Nikaandika. Chini yake nikachora pezi, maana kazi ukiifanya ifanye.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba hakuwa wa kwanza. Waitalia walitoa filamu ya papa mwaka 1981, Universal wenye Jaws yao wakaenda mahakamani, ikaondolewa kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Mwaka 1995 Waitalia wengine wakatoa Cruel Jaws, ambayo papa wake kwa sehemu kubwa walikatwa kutoka filamu za watu, na kuna mahali iliuzwa kwa jina lilelile la Jaws 5. Mwenye banda wetu angepata kazi Roma bila usaili.

Hata hiyo tuliyokuwa nayo mkononi ilitoka kwenye ukoo huohuo. Ni ya mwaka 2009, ya kampuni ya The Asylum ya California, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa kukaa karibu na majina ya wenzao. Mwaka 2006 dunia inangoja Snakes on a Plane, wao wanatoa Snakes on a Train. Mwaka uliofuata watu wanangoja Transformers, wao wanaingiza sokoni Transmorphers siku chache kabla. Mteja asiyesoma vizuri jalada, imekula kwake. Kwa hiyo nikitazama nyuma naona uongo wa usiku ule ulikuwa na ghorofa mbili: kampuni imeegemea jina la mtu, na sisi tumeiegemeza kampuni kwenye jina jingine.

Banda likajaa. Mabenchi ya mbele watoto, katikati vijana wa dagaa, nyuma kabisa kwenye ukuta wa mabati wazee wachache wa jarife, wavuvi wa papa wenyewe. Wazee hawa hawakuwa na desturi ya kuja. Nadhani ni lile pezi la chaki lililowaleta. Mmoja wao alisimama mbele ya kibao kitambo, akaniuliza, "Hili pezi la papa gani?" Nikamjibu, "La sinema, mzee." Akatoa shilingi 200 zake akaingia.

Tulikuwa na mtafsiri, kijana wa Ngamiani, anakaa kando ya deki na maikrofoni. Picha akiwa ameshaiona alikuwa hodari kwelikweli. Hii hakuwa ameiona. Kwa hiyo kilichosemwa kwenye kioo na kilichotoka kwenye sabufa vilikutana mara chache, kwa bahati.

Swali la kwanza likatoka katikati, kama kawaida: "Steringi nani?"

Hapo pakawa pagumu. Kwa sheria za banda lazima steringi ajulikane mapema, kwa sababu steringi hafi, na mtu anataka kujua roho yake aiweke wapi. Wengine wakasema steringi ni yule mama mwanasayansi mwenye kamanyambizi kake. Wengine wakasema papa, maana yeye ndiye yuko kwenye kibao. Pweza hakupata hata kura moja. Tanga nani atamwogopa pweza? Pweza anauzwa jioni barabarani, kakatwakatwa, na pilipili juu yake.

Kisa chenyewe ni kwamba papa na pweza wa kale walikuwa wameganda kwenye barafu Alaska, katikati ya ugomvi wao, tangu enzi na enzi. Jeshi linatumbukiza mitambo ya sauti majini, nyangumi wanachanganyikiwa wanaigonga barafu, barafu inapasuka, wagomvi wanatoka. Mtafsiri aliposema wamelala humo miaka milioni na milioni, vijana wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" Ilikuwa sauti ya yule mzee wa pezi. "Si mlicheka hivihivi kwa silikanti?"

Banda likapoa kidogo. Silikanti pale hakuwa hadithi. Wataalamu walikuwa wameamini kwamba samaki yule alikwisha pamoja na madinosari, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na kwetu, tangu mwaka 2004 hivi, walianza kunaswa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa vilindini, zaidi ya mita 100 kwenda chini. Samaki wa buluu mwenye madoa meupe, mapezi yake yana mashina kama vikono, nyama imejaa mafuta na ukiila tumbo halikusamehi. Wazungu wakaja na kamera, maofisa wakaja na karatasi, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mzee yule alikuwa mmoja wa waliomtoa wavuni. Sasa nani angemwambia kwamba kitu cha kale hakiwezi kutoka chini?

Basi kuanzia hapo yeye ndiye akawa hakimu. Alikubali barafu. Alikubali ukubwa, akasema bahari ina vitu. Halafu ikaja ile sehemu ambayo kila aliyeiona filamu hii anaikumbuka: abiria wametulia kwenye ndege, mawingu yanapita, na papa anaruka kutoka majini mpaka angani, anaikamata ndege kwa meno.

Vijana walilipuka. Kuna aliyesimama juu ya benchi. Nilikuwa mlangoni na naapa bati lilitikisika. Mtafsiri akapiga kelele, "Nahodhaaa!" Ndilo jina alilokuwa amempa papa, sijui kwa nini.

Mzee akangoja kelele ziishe. "Hapana," akasema. "Samaki anaruka akikimbizwa, au akikimbiza chakula anachokijua. Papa ndege kaijulia wapi? Bati lile atalifanyia nini?"

Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Mzee, ni picha tu."

"Najua ni picha. Hata picha iwe na akili ya papa."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu tangu wakati huo, wa watu waliosomea, na sijakutana na kipimo kinachonitosha kama kile. Mzee hakudai ukweli. Mambo makubwa yote alikuwa ameyapitisha. Alichotaka ni kwamba mnyama, hata akiwa wa uongo, awe na sababu zake za kinyama.

Kipimo cha vijana kilikuwa kingine: mnyama anaonekana kiasi gani? Na hapo ndipo picha ilipoanza kuzama. Filamu za bei poa zina ugonjwa mmoja, mnyama ana gharama na maneno ni bure. Kwa hiyo watu wanaongea. Wanaongea kwenye nyambizi, wanaongea ofisini, wanaongea maabara huku wakimiminiana maji ya rangi kwenye vichupa, kijani, buluu, nyekundu, tena na tena. "Wanatengeneza sharubati!" mtu akasema, na kila maabara iliporudi banda zima likaagiza: mimi embe, mimi ukwaju.

Papa naye alipotokea, alikuwa ni yuleyule wa mwanzo, anapinda vilevile, anapita palepale. Mara ya kwanza hakuna aliyesema. Aliporudi, dogo mmoja wa mbele akaropoka, "Huyo tumeshamwona!" Baada ya hapo kila kipande kilichorudiwa watoto waliitikia kwa pamoja, "Teeena!" Yaani walikuwa wamewakamata mafundi wa California wakitumia kitambaa kimoja kushona nguo tatu, na waliona raha kuliko kama papa angekuwa mpya.

Mpwa wangu siku hizi ananitumia ujumbe kuhusu tamthilia zinazochipuka kutoka kwenye filamu za mazimwi. Ile Monarch ya mwaka 2023, iliyotokana na filamu za Godzilla, aliilalamikia vilevile: watu wanatafuta baba yao weee, zimwi lenyewe linakuja kupunga mkono. Mimi ile niliipenda, kwa sababu ya hao watu. Lakini malalamiko yake nayaelewa. Ni ya benchi la katikati kabisa.

Turudi Sahare. Wale wanasayansi wakagundua dawa ya harufu ya kuwavuta wanyama, papa aje San Francisco, pweza aende Tokyo. Wazee wakanung'unika tena: papa anavutwa na damu, siyo marashi. Papa akaling'ata daraja la Golden Gate, akasamehewa kwa sababu lilikuwa zuri kutazama. Mwishowe wataalamu wakaona dawa ni kuwakutanisha wenyewe kwa wenyewe wamalizane, na hapo banda likatulia kwa mara ya kwanza. Mapambano. Ndiyo yaliyoandikwa kwenye jalada, ndiyo tuliyongojea.

Wakakumbatiana, wakazungushana, "teeena," wakazama pamoja chini gizani, wote wawili wafu. Maandishi yakaanza kupanda.

"Droo?" mtu akauliza.

Hawa walikuwa wametoka kutazama mwezi mzima wa mpira. "Muda wa nyongeza!" "Penati! Penati!" Mabenchi yakapigwa. Katika vurugu hiyo kijana mmoja anayesoma Kiingereza akaokota jalada kando ya deki, akasoma jina kwa sauti. Ikawa kesi nyingine.

"Wewe, hii siyo Jaws!"

Macho yakaja mlangoni, kwangu. Mwenye banda akaniokoa kwa kuingia kati, kifua mbele. "Papa alikuwepo hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alikuwa mdogo kuliko wa Jaws?"

"Mkubwa."

"Sasa nimekuibia nini? Nimekuzidishia."

Wakataka hela zao, si kwa hasira sana, kwa ule utani wenye ukweli ndani. Hakurudisha hata senti. Nilidhani kesho yake hatumwoni mtu. Lakini mzee wa pezi, akiwa anavaa kandambili zake, akasema neno ambalo mwenye banda alilidaka hewani: "Hata huyo pweza hamkumwelewa. Adui wa pweza siyo papa. Adui yake mkunga, yule samaki kama nyoka anayekaa mapangoni. Papa anamla tu akimkuta."

Kesho yake jioni niliambiwa nifute kibao niandike upya, safari hii jina la kweli: PAPA NA PWEZA, MARUDIO. Mtafsiri, mzee mwenyewe. Walikuwa wamemfuata kwake mchana, wakamkalisha kando ya deki, wakampa maikrofoni aliyoishika mbali na mdomo kana kwamba itamng'ata. Waliokuwepo jana walirudi, na kila mmoja kamvuta mwenzake.

Mzee hakusumbuka na maneno ya wazungu. Walipokuwa maabara alisimulia jinsi jarife linavyotegwa na kwa nini halitegwi maji yakikimbia. Ndege ilipoliwa alinyamaza kimya, na kimya chake kikachekesha kuliko kelele za jana. Wagomvi walipozama mwishoni, akaendelea kuzungumza juu ya kioo cheusi: wameshuka, wameshuka, papa amekata roho njiani, pweza bado anapumua, anatafuta pango la kujificha. Analipata. Anaingia kinyumenyume, mkono mmoja mmoja. "Na humo ndani," akasema, "kuna mwenye nyumba."

"Mkunga!" banda zima.

Siku ya tatu mwenye banda akapandisha kiingilio, shilingi 300.