Nilivyojifunza kuzisoma ngumi za kwenye filamu

Filamu za mashindano ya ngumi hazina siri: mashindano hayajaanza, unajua steringi atafika fainali. Kwa hiyo kilichonisumbua si nani atashinda, ni mapigano yenyewe. Yalikuwa yananipita tu. Mtu yuko chini na sijui kapigwa na nini. Nikaamua kujifunza kuyatazama, na nikaanza na The Quest ya mwaka 1996, ambayo Jean-Claude Van Damme aliiongoza na kuicheza mwenyewe.

Niliichagua kwa kuwa kila mpiganaji anakuja na nchi yake na mtindo wake. Kisa ni cha mwaka 1925: mabingwa wanakutana kwenye mji uliojificha Tibet kugombea joka la dhahabu. Sehemu ya safari, yenye maharamia na Roger Moore akiwa tapeli mwenye adabu zake, niliitazama kwa raha zangu. Kazi ilianza walipoingia ulingoni.

Kwanza nilizima sauti. Ule mlio wa ngumi ndio unaotuaminisha kwamba imefika. Ukiuondoa, unaanza kuona kamera ilikaa wapi: mara nyingi nyuma ya bega la mmoja wao, ili pengo kati ya ngumi na shavu lisionekane. Anayepigwa ndiye anayemalizia uongo, kwa kugeuza kichwa kwa wakati wake. Akichelewa kidogo tu, umemkamata.

Kisha nikaacha mikono, nikafuata miguu. Hapo ndipo nilipofaidi. Mbrazili wa kapoera, mtindo wa Kibrazili wa kupigana kama unacheza ngoma, hatulii: mguu mmoja unarudi nyuma, mwingine unachukua nafasi yake, anayumba hivyo hivyo, na teke linachomoka ndani ya kuyumba huko. Mwendo huo wenyewe wanauita ginga. Mjapani wa sumo, mieleka ya kwao, ni kinyume kabisa, nyayo zake zinaburura chini, na ana sababu: katika sumo, sehemu yoyote ya mwili zaidi ya nyayo ikigusa chini, umeshindwa. Wa Siam, yaani Thailand ya leo, yule wa muay thai, ngumi na mateke ya kwao, nilimrudia mara nyingi kwa kasi ndogo. Tazama mguu anaosimamia. Kisigino kikishaanza kuzunguka, teke la ugoko liko njiani, kiuno kitafuata, na mkono utashuka kusawazisha mwili. Nikishaona kisigino tu, nasimamisha picha na kutabiri litatua wapi. Mchina wa mitindo ya kuiga wanyama bado ananichanganya. Huyo anahitaji jioni yake peke yake.

Fainali ndiyo iliyonifundisha kidogo kuliko zote. Khan wa Mongolia, aliyechezwa na Abdel Qissi, ni jitu, na mtu wa aina hiyo hahitaji miguu ya ujanja, anakuja na kifua. Nikairuka, nikarudi kwa Mbrazili.